Kiraka cha Kitambaa cha Madhabahu

Veneranda alibeba matofali ya kanisa kichwani akiwa na mimba ya Liberatus, mwanawe wa kwanza. Kanisa la zamani pale Ilula lilikuwa la nyasi, na masika yaliwanyeshea wanakwaya hadi kwenye vitabu. Ndipo Walutheri wakachoma matofali yao wenyewe bondeni, wakayapandisha kilimani, wanawake kwa wanaume. Siku ya kuliweka wakfu jengo jipya, Veneranda aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Amekaa hapo mpaka kichwa kimejaa mvi.

Alikuwa mke wa pili wa Anord. Katika usharika ule, aliyeongeza mke hutengwa, na mke aliyeongezwa hutengwa naye: husali, huimba, huleta nyanya na mahindi siku ya mavuno, lakini haikaribii Meza ya Bwana. Mke mkubwa, Matilda, hakuhesabiwa kosa. Huyo alikuwa mzee wa kanisa, mtunza vitambaa vya madhabahu. Kila baada ya Chakula cha Bwana alivileta nyumbani kikapuni, na aliyevifua na kuvipiga pasi alikuwa Veneranda. Mikono yake ilikijua kitambaa kile kikubwa cheupe kama ilivyoijua migongo ya wanawe. Kikiwa mezani, hakuwahi kukiona kwa karibu.

Mwaka huu Anord aliugua, na mchungaji akaja kumrudisha kundini pale pale kitandani. Akamwuliza kama anatubu kuoa mke wa pili. Anord akajibu, "Natubu." Veneranda ndiye aliyekuwa amempakata kichwa, kikombe cha uji mkononi. Alingoja ameze, akaendelea kumnywesha. Anord alipozikwa, kwaya iliimba na kengele ikalia.

Sasa Veneranda alikuwa mjane, na njia ya kurudi kundini ilikuwa wazi. Jumamosi mchana, wake wenza wawili walikuwa uani, kitambaa mezani, pasi ya mkaa ikipumua.

"We mwanamke, taratibu," Matilda alisema. "Utamchomea Bwana kitambaa."

"Aliyekichoma ni nani?"

"Mimi nilikichoma, wewe ukakitia kiraka. Mzee alikuoa, lakini aliyeishi na wewe ni mimi."

Wakacheka. Kisha Matilda akasema kwa upole, "Kesho sema tu 'natubu'. Neno moja. Mzee mbona alilisema?"

"Alilisema na uji wangu mdomoni, dada."

"Nilikuwepo. Nilisikia."

"Wanangu watakuwa wamekaa pale mbele. Nisimame nijute mbele yao kwamba waliwahi kuzaliwa?" Akakung'uta majivu ya pasi. "Hiyo Meza nimeitamani tangu nikiwa na meno yote. Lakini kwa neno hilo, sijui."

Jumapili, baada ya mahubiri, mchungaji alimwita mbele. Alikuwa kijana, mgeni katika usharika, na sauti yake ilikuwa na huruma.

"Mama Liberatus, je, unatubu kuishi katika ndoa isiyo ya Kikristo?"

Veneranda alipiga magoti. "Mchungaji, mimi ni mwenye dhambi. Ulimi wangu ni mkali. Na Mungu nimemkasirikia humu humu, kwenye benchi lile. Hayo nayatubu. Lakini nyumba iliyonipa wanangu, siwezi kuitubu."

Huko chini barabarani lori lilikuwa likifunga breki.

"Mama, swali hili mimi siwezi kuliruka," mchungaji alisema kwa sauti ya chini. "Nitalipeleka kwenye baraza la wazee."

"Lipeleke, baba."

Akainuka kwa kushika goti, akarudi polepole katikati ya mabenchi. Liberatus, mtu mzima mwenye wajukuu, aliinamisha kichwa mama yake alipompita. Veneranda akaketi mahali pake karibu na mlango.

Watu wakaanza kuitwa mezani, benchi kwa benchi. Zamu ya Matilda ikafika. Alisimama pamoja na wenzake, lakini wenzake walipogeukia mbele, yeye aligeukia nyuma. Viatu vyake vilisikika sakafuni mpaka mlangoni.

"Sogea," alisema.

"Dada, rudi. Wanakungoja."

"Sogea, nimechoka kusimama."

Veneranda akasogea. Wakaketi begani kwa bega, wakiwatazama watu wanavyopiga magoti na kuinuka. Kule mbele kitambaa kilikuwa cheupe, kimeanguka vizuri pembe zote.

"Kiraka hakionekani kutoka hapa," Veneranda alinong'ona.

"Hata kwa karibu hakionekani," Matilda alisema. "Miaka yote hii nimekuwa nikipiga magoti pale nakitafuta."