Meza Mbili za Kinanira

Miaka ile ya vita nilifanya kazi ya kompyuta katika shirika la misaada pale mtaa wa Kinanira. Kila siku tangu asubuhi ripoti za watu wetu wenye redio zilimiminika kutoka mitaani na kuchapwa kwenye kompyuta: barabara ipi imefungwa, watu wa wapi wanahama. Wachambuzi wetu wawili walizidiwa hadi macho yakawa mekundu. Mkuu akatuagiza mimi na mwenzangu, binti mmoja wa Buyenzi, kila mtu abuni meza yake, yaani mpangilio wa kuonyesha ripoti kwenye skrini, ya kuwapunguzia mzigo.

Yangu ilipendeza, nasema bila haya. Skrini mbili, kila mtaa na rangi yake, na mistari miwili ya kwanza ya kila ripoti ili mchambuzi apitishe jicho haraka. Binti yeye alishinda wiki nzima nyuma ya wachambuzi, akinywa nao chai na kuandika kwenye daftari. Akatoa skrini moja, ya kijivu, mbaya. Basi wakaipenda hiyo! Wivu ulinikaba. Nikisikia wanavyocheka naye, naenda kunywa chai yangu nje.

Asubuhi moja aliniita.

“We, mama yako si iko Kamenge?”

“Iko.”

“Kuya usome apa.”

Kwenye meza yangu ripoti ya Kamenge ilisema: Tunawasalimu sana wakubwa wetu, huku sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Kwenye yake ilisema: Watu wa upande wa juu wa mtaa wameanza kuhama, risasi zinakaribia. Ripoti ile ile moja. Mimi niliyelelewa kutotaja shida kabla ya kumaliza salamu, nilisahau kwamba kwetu jambo lenyewe husemwa mwisho. Yeye alikuwa ameonyesha mistari ya mwisho.

Gari la ofisi lilinipeleka. Nilimkuta mama anachambua maharage, nikamhamishia Gihosha kwa dada yake. Jioni ile nyumba ya mama kule Kamenge iliteketea.

“Nani alikuambia, mutoto wangu?”

“Ni mi, mama. Niliona ku meza yangu.”

Akaniwekea mkono kichwani, akanibariki mbele ya majirani.

Alifariki miaka mingi baadaye, bado akiisifu meza hiyo. Binti wa Buyenzi alikuja msibani. Yule dada yake mama akamsimulia yote, jinsi meza yangu ilivyomwokoa marehemu. Nilitazama chini.

“Ndiyo,” binti akamjibu taratibu. “Ilikuwa meza muzuri.”

Hata kwa kunisitiri hivyo nilimwonea wivu.