Nyongesa na Mkono wa Nekesa

Mwanamume wa kwanza niliyemwona akibeba mtoto mgongoni kwa leso ni Nyongesa, pale mtaani Mbotela, Januari ya mwaka 1991. Nilicheka mpaka nikamwaga maji niliyokuwa nimechota. Jitu zima, lenye kazi ya kupakia katoni katika kiwanda cha sabuni, na leso ya mkewe yenye maua mekundu imefungwa kifuani. Vijana waliokaa ukutani wakamwitia, "Niaje, buda! Siku hizi wewe ndio mathe?"

"Ndio, mama ni mimi," Nyongesa akawajibu. "Pisheni." Akapita.

Mgongoni alikuwa bintiye Nekesa, miaka saba. Alizaliwa na mtindio wa ubongo: miguu haikumshikilia, mikono ilikuwa imekaza, na maneno yalimtoka moja moja. Akili yake ilikuwa sawa kabisa, lakini nani alikuwa na subira ya kungoja amalize sentensi? Sisi majirani tulishamhukumu. Nami nina mdomo, sikatai. Ndimi niliyeuliza pale mferejini, "Huyo anapelekwa shule kufanya nini?" Nilikuwa na sababu yangu ya kusema hivyo, na nitaieleza.

Shule ya jirani iliongozwa na Mwalimu Mativo, mzee wa suti ya kahawia ambaye hakupenda mambo mapya. Kwingine walikuwa wanauliza cheti cha kuzaliwa. Yeye aliweka meza barazani, wazazi wakapanga foleni, na kila mtoto akapitisha mkono juu ya kichwa. Ukigusa sikio la upande wa pili, umekomaa, unaandikwa darasa la kwanza. Usipogusa, rudi mwakani. Mkono wa Nekesa haukupita hata bega lake, wakarudishwa.

Mwingine angegombana. Nyongesa aliuamini mtihani ule, na hapo ndipo alipokosea. Ni mtu wa kazi: akiambiwa katoni mia zipakiwe, zinapakiwa. Kama linalotakiwa ni sikio, basi sikio litafikiwa. Kila jioni mkewe, Millicent, alipasha maji, naye Nyongesa akaketi mlangoni na mtoto mbele yake, wakitazamana, akaukanda ule mkono kwa mafuta na kuunyoosha kidogo kidogo. Nekesa alilia. Ili asahau maumivu, baba alilaza kipande cha katoni juu ya paja lake, maandishi yakimwelekea yeye mwenyewe, maana kusoma kwake kulikuwa kwa kujikongoja. Alisoma mstari kwa sauti, akifuata kwa kidole, akakanda, akasoma mwingine. Katoni zilipoisha, akaleta magazeti makuukuu.

Januari 1992 vidole vya Nekesa vilifika utosini, vikaishia hapo. Mativo akatikisa kichwa, akaandika kitu daftarini. Siku hiyo Nyongesa hakula. Kesho yake maji yalipashwa tena.

Januari 1993 nilikuwa nyuma yao kwenye foleni na kitinda mimba wangu. Nekesa alikuwa na miaka tisa sasa, na Mativo alishatangaza kwamba mtoto wa miaka kumi haingii darasa la kwanza. Asipochukuliwa siku hiyo, basi tena.

"Mkono," akasema Mativo.

Vidole vikapanda. Vikapita utosi, vikaanza kushuka upande wa pili, vikatetemeka. Vikakwama juu kidogo tu ya sikio. Nyongesa, aliyemshikilia mbele ya meza, alikuwa akitokwa na jasho.

"Pole, mzee," Mativo akasema, akafungua ukurasa wa mwaka uliopita kutafuta jina. Nyongesa akaikunjua leso.

Nekesa macho yake yalikuwa kwenye lile daftari. Akaanza kusema, neno moja moja, na safari hii foleni nzima ikangoja. "Nekesa... Nyongesa... Hawezi." Akainua uso. "Siwezi nini, mwalimu?"

Mativo akamtazama Nyongesa. "Nani amemwambia?"

"Amesoma," Nyongesa akasema, na yeye mwenyewe alikuwa ameshangaa kuliko sisi sote.

Mwalimu akaligeuza daftari limwelekee mtoto vizuri, akaonyesha mstari mwingine. Nekesa akakunja uso. "Rudisha... vile lilikuwa." Miaka miwili alikuwa amejifunza akiwa ameketi upande wa pili wa katoni, na kusoma kichwa chini miguu juu ndiko kusoma alikokujua. Daftari likarudishwa. Akasoma jina lililofuata, na la baada yake, akateremka ukurasa mzima. Nyongesa akaketi naye pale pale sakafuni, akalia mbele ya watu. Nami nililia.

Mativo alilikata lile neno kwa kalamu. "Mlete Jumatatu."

"Na mkono?" Nyongesa akauliza.

"Mzee, tuyaache hayo ya mkono."

Asubuhi alimbeba baba kabla ya kwenda kiwandani, mchana akamfuata mama. Nyongesa alimtengenezea dawati lenye mgongo na mkanda ili asianguke. Muhula wa tatu Nekesa alikuwa wa tano kati ya watoto sitini na wawili, na hakuna mtu Mbotela ambaye Nyongesa hakumsimulia, wengine mara mbili.

Sasa sababu yangu. Mtaa mzima uliniita Mama Mutisya, na hakuna aliyewahi kumwona Mutisya. Alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, hatembei wala hasemi, na nilimficha kwa aibu miaka tisa. Kila nilipomcheka Nyongesa, nilikuwa namkasirikia kwa kuweza nisichoweza.

Januari 1994 nilibisha kwake, nikamwomba anionyeshe namna ya kufunga leso mtoto mkubwa asiteleze. Hakunicheka. Alikaza fundo, akasema, "Tembea wima, Mama Mutisya."

Vijana wa ukutani walinipisha bila kuambiwa. Barazani Mativo akafungua daftari, nami nikangoja aseme mkono.

"Huyu anapenda nini?" akauliza.

Nikamwambia anapenda kupiga sufuria kwa kijiko, anaweza kupiga siku nzima. Mwalimu Mativo akaandika hivyo hivyo, mbele ya jina la mwanangu.