Chumvi Niliyoitia Bahari ya Daktari

Silikoni mbichi hunuka siki, na kwa majuma mawili nyumba yetu ya Kasulu ilinuka siki kuanzia sebuleni hadi kwenye magodoro. Baba, fundi vioo aliyetoka Burundi akiwa kijana na kupata uraia hapa, alikuwa akiunganisha vioo kwa gundi hiyo kutengeneza tangi la samaki wa baharini. Mteja wake alikuwa daktari, mama mmoja wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, akaikosa bahari hata akaamua kujitengenezea yake. Baba mwenyewe hakuwahi kuiona bahari. Alisugua kila ukingo wa kioo kwa msasa, akajaza maji, akapapasa pembe zote kwa kidole akitafuta tone, na tangi lilipokaa siku tatu bila kuvuja alitembea mtaani kifua mbele. Daktari alikwisha kumwahidi kazi ya pili, tangi kubwa la wodi ya watoto. Baba alimwambia kila mtu, hata wasiouliza.

Daktari aliweka pampu, taa, mawe na chumvi maalumu ya pakiti, akasubiri wiki kadhaa maji yatulie, ndipo wakaja samaki wawili wa rangi ya machungwa. Siku tano baadaye aliitwa semina Dodoma, akaniachia ufunguo mimi, binti wa fundi, mwenye miaka kumi. "Maji yakishuka chini ya mstari huu, mwanangu, ongeza ya mvua. Ya mvua matupu." Nikaitikia. Lakini jikoni kwetu, ukiongeza maji kwenye maharage unaongeza na chumvi, la sivyo utasemwa mpaka usiku. Nikajiona nina akili kuliko maelekezo. Kila nilipoongeza maji nilitia na konzi ya chumvi yetu ya Uvinza, nikakoroga kwa mwiko.

Siku ya sita niliwakuta samaki wanaelea ubavu. Nilitoa kabatini kipima chumvi ambacho daktari alikuwa amenionyesha, kikaelea juu mno ya alama yake, nikaelewa papo hapo. Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonitia aibu zaidi. Nilichota maji ndoo kwa ndoo, nikamwaga nyuma ya choo, nikajaza ya mvua mpaka kipima kikasimama sawasawa, nikakifuta na kukirudisha mahali pake.

Daktari aliporudi alipima, akakuta chumvi iko vizuri. Akamwita baba. "Fundi, silikoni hii haikuwa ile yenye sumu ya kuua ukungu, ya madirisha ya bafuni?" Baba alitoa kopo tupu la silikoni kwenye vifaa vyake, akaligeuzageuza. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, naye hakijui. Mimi nilisimama mlangoni. "Huenda ni mimi, Dokta," akasema. "Unisamehe." Tangi la wodini halikutajwa tena, na wale aliowatangazia wakambandika jina la Muua Samaki.

Leo nafundisha sayansi Kibondo. Nawaeleza watoto wa watu kwamba maji hupaa na chumvi hubaki, na kila mwaka nikifika hapo nageukia ubao. Tangi siku hizi unaagiza kwa simu, lakini mwezi uliopita binti yangu alimwomba babu yake amtengenezee dogo. Baba akaitazama mikono yake. "Mwana wanje," akamwita mwanangu kwa Kirundi chake, "mkono wangu huu unaua samaki. Mwambie mama yako anunue la dukani." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja jina lake. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka kwake, mtu mzima na akili zangu.

"Sawa, baba," nikasema. "Nitanunua."