Nyuki wa Mkorosho wa Jirani

Nilikuwa na mizinga miwili mipya ya mbao, niliyoitundika shambani kwangu nje kidogo ya Newala baada ya kwenda Masasi kujifunza ufugaji wa nyuki. Miezi ikapita, hakuna aliyeingia isipokuwa mijusi. Nikaanza kuona haya kupita pale na wageni.

Kumbe nyuki walikuwa kwa jirani yangu, mama mmoja mjane, ndani ya pango la mkorosho wake mkongwe. Walishamuulia mbuzi aliyefungwa karibu na mti. Asubuhi moja nilimkuta ameshika dumu la mafuta ya taa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unisaidie kuwachoma hawa."

Nikamwomba anipe siku moja nijaribu kuwahamisha.

"Wakikuuma usije ukalia kwangu," akasema, lakini dumu akaliweka chini.

Jua lilipopoa nikaleta mzinga mmoja. Nikawafukiza kwa kopo la moshi, nikapanua tundu kwa panga, nikakata masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, na kuyafunga kwenye vijiti vya mzinga. Mama alisimama mbali, kajitanda kanga hadi machoni. Nikawachota nyuki kwa bakuli na kuwamimina mzingani, nao wakaruka kurudi mtini. Nikachota tena, wakarudi tena. Mikono ilishavimba, nikataka kuacha.

Ndipo nikasikia sauti yake mgongoni kwangu. Alikuwa amesogea bila mimi kujua.

"Yule mrefu anayekimbia kwenye gome, ni nani?"

Alikuwa malkia. Nilimfunika kwa kasha la kiberiti, nikamtia mzingani. Haukupita muda, wengine wakaanza kumfuata, taratibu, bila kusukumana.

Walipotulia nikainama kuubeba mzinga.

"Unaupeleka wapi?"

"Kwangu, mama."

"Mwanangu, hawa walikaa kwenye mti wangu, na malkia wao nimemwona mimi. Ni wangu."

Nikamtundikia mzinga ule mwisho wa shamba lake, mbali na nyumba na mifugo.

Nilimwonea wivu, sifichi. Lakini siku ya kurina asali aliniita. Moshi alishika yeye, uso wazi, akiwasemesha nyuki kwa Kimakonde polepole kama anayebembeleza mtoto. Akanikatia sega zima. Tulilila tumesimama palepale, tukitema nta, mpaka lilipokwisha.