Ombati wawili, komputa moja

Jameni, leo programu yetu imemmeza mtu mzima, na mwenyewe amekuja dukani kujitafuta!

Mnakumbuka ile kazi ya duka la Mama Shanta hapa Kisii mjini, ya kutengeneza programu ya kuandikisha wachongaji wa kule Tabaka wanaomletea vinyago vya mawe?

Kemunto, mwenzangu wa kazi, alitaka kila mchongaji apewe nambari.
Nikakataa. Wachongaji ni ishirini tu, jina linatosha, na Mama anaitaka programu Ijumaa!
Akaniachia komputa. Lakini kwenye fomu za karatasi akawa anaandika nambari zake kimyakimya.

Leo asubuhi mchongaji Ombati Makori anaingia dukani. Komputa inasema ameleta bakuli saba.
"Bakuli? Mimi nachonga wanyama, viboko!"
Sauti nyuma yake ikasema, "Hizo ni zangu."
Binamu yake. Ombati Makori pia, na komputa ikawafanya mtu mmoja! Wote wawili wamepewa jina la babu yao.

Na mimi, Mkisii halisi, niliyebeba jina la babu yangu mwenyewe, nilisahau hilo!
Chekeni tu. Nani kati yenu angekumbuka?

Kemunto alizitoa zile fomu, tukaingiza nambari, na kufikia saa nane kila Ombati alikuwa na kazi yake. Duka zima lilipiga makofi!

Nikajigamba, "Sasa hata wakija Ombati kumi!"

Ombati wa viboko akacheka. "Mke wa kaka yangu amejifungua juzi. Kijana. Jina mnalijua."

Kemunto alikuwa ameshachukua fomu mpya.