Maziwa ya Asubuhi

Kila mjukuu wangu anapotaka kupuliza dawa ya mende jikoni, mimi huitoa kwanza sufuria ya maziwa nje, uani.

Harufu ni ile ile niliyoisikia nikiwa msichana. Wapuliza dawa ya mbu walikuja nyumbani kwetu Kidichi, wakapuliza kuta zote, kisha wakasuuza bomba lao kwenye majani nyuma ya nyumba. Mbuzi wetu alikula pale. Kabla ya adhuhuri alikuwa chini, anatetemeka, povu mdomoni.

Baba na mama walikwisha kufariki. Mkubwa nilikuwa mimi, na skuli nilishaacha. Mdogo wetu wa mwisho, hata meno hajaota, aliishi kwa maziwa ya mbuzi yule.

"Mnywesheni maziwa," alisema jirani yetu, mwanamke mtu mzima. "Maziwa huvunja sumu."

"Nnayo ya asubuhi tu, Bi Mkubwa. Ya mtoto."

"Na akifa huyu, kesho mtoto atakunywa nini?"

Niliingia ndani nikakitoa kikombe cha maziwa. Mdogo wangu wa kiume alimpanua mbuzi mdomo, nami nikamimina kikombe chote. Mengi yalimwagika mchangani.

"Anameza, dada!"

"Mshike vizuri."

Hakumeza tena. Jirani alisema tumuwahi kwa kisu asife kibudu, kisha akakumbuka kuwa nyama ile ina sumu, hailiki. Tukamwacha, akafa.

Mtoto aliamka na njaa. Alitambaa hadi kwa mbuzi, pale alipozoea kuniona nikikamua, akashika chuchu, akanitazama, akingoja.