Posa ya Mfuata Radi

Bi Mwanaamina wa Kurui hakuwa na cheo chochote, lakini hapakuwa na binti wa ukoo wao aliyeolewa kabla yeye hajatumwa. Posa ikiletwa, wanaume huipokea, hunywa chai, husema watajibu. Wageni wakishaondoka, humwita Mwanaamina akampeleleze mchumba, maana kazi hiyo inataka jicho, na jicho lake halikuwa la kufumbwa kwa soda. Alishamkataa mmoja kwa kuwa alichekacheka mno, na mwingine kwa kuwa hakucheka kabisa. Yeye mwenyewe aliolewa bila kupelelezewa mtu, na mumewe akaondoka asubuhi moja kwenda kununua mbegu za ufuta. Mbegu hizo hazijafika mpaka leo.

Safari hii posa ilikuwa ya Rahma, binti wa mdogo wake Maneno, ambaye Mwanaamina alimlea kwa mikono yake tangu mama wa mtoto alipofariki. Mposaji aliitwa Jumbe, fundi wa kuchomelea mageti kule Mlandizi. Rahma alimpenda, na hakuficha. Alimfungia shangazi yake mkoba wa safari, kisha akamwambia neno lililomkaa kifuani njia nzima.

"Shangazi, ukisema hapana nitatii. Lakini nenda ukaone kwa macho yako, usiniletee ya kuambiwa."

Mlandizi alifikia kwa binamu yake Zena, akidai amekuja kuangalia bei ya vitenge. Hakuangalia kitenge hata kimoja. Jioni ile ile Zena alishamjaza habari: fundi Jumbe hana pombe, hana deni, anaswali, ila ana jambo. Wingu likijikusanya tu, hata awe na kazi ya mtu mkononi, hufunga karakana, hupanda pikipiki na kulifuata lile wingu huko linakoelekea. Hurudi ameloa chapachapa, na uso umemchanua kama bwana harusi. Wapo waliosema ana mwanamke vijiji vya huko. Wapo waliosema anapokea mizigo isiyo halali, maana mvua huwaweka askari ndani. Na wapo waliosema, kwa sauti ya chini, kwamba ni mfunga mvua.

Hilo la mwisho ndilo lililomwondolea Mwanaamina usingizi. Wafunga mvua anawajua; watu wenye harusi huwaita ili shughuli isiharibike, na hakuna anayeona aibu. Lakini mwaka huo vuli ilichelewa, mihogo ya Kurui ilidumaa, na watu walikuwa wanamtafuta wa kumlaumu. Akirudi na neno hilo, posa imekufa, na huyo Jumbe akija kukanyaga Kurui, hatatoka salama. Lisemwalo lipo, alijiambia, na kama halipo linakuja.

Siku wingu lilipojaa upande wa Kwala, yeye alikuwa ameketi duka la jirani na karakana, soda yake imekwisha zamani. Jumbe akatoka, akatazama juu, akafunga mlango. Mwanaamina akaita bodaboda, akamwambia kijana amfuate yule mwenye koti la kijani, asimkaribie wala asimpoteze. Kijana alimtazama kwa huruma, akidhani anamfukuzia mume.

Walipita barabara ya malori, wakaingia njia ya vumbi, mpaka kwenye kilima kisicho na miti. Jumbe aliiacha pikipiki mbali, akavifunika vioo vyake kwa kitambaa, kama nyumbani tunavyofunika vioo radi ikianza. Mwanaamina alikunja uso. Anayeogopa kioo anafuata nini kwenye radi yenyewe? Kisha akaona alichokuja kukiona. Ngurumo ilipopita, yule mwanamume alisimama amelielekea wingu, akainamisha kichwa, na midomo yake ikacheza. Ngurumo nyingine, midomo ikacheza tena.

Basi amekwisha, Mwanaamina alijiambia. Moyo ulimuuma kwa ajili ya Rahma, ila pia, tuseme kweli, alijisikia vizuri kidogo. Jicho lake lilikuwa halijazeeka.

Alipogeuka kumwambia kijana warudi, mvua ilikuwa imeshafika na kijana ameshaondoka. Paa lililokuwepo lilikuwa moja, kibanda cha wafyatua matofali chini ya kilima, na Jumbe naye alikuwa anakikimbilia. Waliingia karibu pamoja. Akamwamkia, "Shikamoo, mama," akavua koti lake akampa, akasogea pembeni kumwachia mahali pakavu. Hakumuuliza ametokea wapi. Mtu asiyeuliza naye ana lake, Mwanaamina aliwaza, akalishika koti bila kulivaa.

Radi ikapasua, ardhi ikatetemeka. Midomo ya Jumbe ikacheza, na sasa alikuwa karibu kiasi cha kumsikia.

"Subhana lladhi yusabbihur-raadu bihamdihi."

Ametakasika ambaye radi inamtukuza. Ilikuwa dua ileile ambayo Mwanaamina alifundishwa na marehemu baba yake, amejikunyata ubavuni pake, nyumba ikivuja. Yeye mwenyewe alikuwa hajaisema tangu mume alipoondoka. Alisikia aibu, aibu ya kweli, akalivaa koti.

"Unafuata nini huku, mwanangu?" aliuliza mwishowe.

Jumbe alicheka kidogo. Alisema wengine hufuata mpira uwanjani, yeye hufuata hii. Utotoni aliiogopa mpaka akajificha uvunguni, na siku alipothubutu kuchungulia aliona kitu ambacho hajachoka kukitazama.

"Silipwi hata shilingi, mama. Lakini nikirudi nyumbani sina kinyongo na mtu. Hapa naonyeshwa bure, namshukuru Mungu, naondoka."

Wakatazama. Mvua ilivuka bonde ikija imesimama, umeme ukaangaza matofali yaliyopangwa nje, na harufu ya udongo ikaingia kibandani. Kwa muda ambao hakuupima, Mwanaamina hakumshuku mtu yeyote. Alifurahi, na furaha hiyo ilimshangaza.

Kurui walimsubiri barazani. Maneno aliuliza ana mwanamke? Hana. Anafunga mvua? Hafungi. Sasa huwa anafuata nini? Nyuma ya pazia Rahma alikuwa amezuia pumzi.

"Anakwenda kushukuru," alisema Mwanaamina. "Mwozesheni."

Maneno alimkazia macho dada yake, akihofia kwamba amerogwa. Lakini hakuna aliyewahi kumsikia Mwanaamina akisifu mtu, kwa hiyo hakuna aliyejua namna ya kumbishia.

Wiki ile wingu likajenga upande wa Vihingo. Wenzake walianua nguo na kufunga madirisha. Yeye alitoa kigoda, akakiweka uani, akaketi amelielekea wingu. Ngurumo ya kwanza ilipopita, aliinamisha kichwa, midomo yake ikacheza.

Ng'ambo ya ua, jirani yake Zawadi alikuwa amesimama na beseni la nguo mkononi. Alitazama wingu, akatazama ile midomo, akaingia ndani haraka na kufunga mlango.

Mwanaamina alimwona. Alijua kabisa nini kitasemwa kisimani kesho, na kwa sauti gani. Ngurumo ya pili ikaja, naye akaisema dua yake hadi mwisho.